Mama alinipa mzigo mmoja tu wa kulinda siku tuliyohamia kisiwani

Wakuu, Assalaam aleikum. Na wasio wa salamu hiyo, amani iwe kwenu pia.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za watu kuwalalamikia makuli na madereva wa kuhamisha vyombo. Kochi limechanika, friji imeangushwa, TV haijulikani ilishukia wapi. Mengine nimecheka, mengine nimesikitika.

Leo naleta la kwangu. Sitatia chumvi, kwa sababu aliyeharibu katika kisa hiki ni mimi mwenyewe, na hakuna mtu anayejiongezea kosa kwa kupenda.

Ilikuwa Garissa, katikati ya miaka ya tisini.

Wakati huo nilikuwa maalim wa dugsi, yaani chuo cha Qur'ani, kwenye bulla moja, yaani mtaa, pale mjini. Nilikuwa na mke, watoto watatu, na mama yangu, hooyo, ambaye alikuja mjini baada ya ukame. Ngamia wetu waliisha mmoja mmoja huko upande wa Modogashe. Wa mwisho alianguka akiwa amebeba nyumba.

Ndiyo, nyumba. Kwa msiotujua, nyumba ya mfugaji kwetu inaitwa aqal. Ni miti iliyopindwa kama upinde, inafungwa kwa kamba, kisha inafunikwa mikeka minene. Ukihama unaivunja na kumpakia ngamia. Ukifika unaisimamisha.

Na nyumba hiyo ni ya mwanamke. Mume na mke wakigombana, anayetafuta pa kulala ni mume.

Miti yake haikatwi tu porini. Mama wa bi harusi na shangazi zake wanachimba mizizi ya mgunga, wanaimenya, wanailoweka, wanaipinda kwa kamba na kuiacha ikauke miezi. Mzizi ukiharakishwa unakatika. Mwanamume hagusi kazi hiyo. Sisi tunazaliwa humo, tunakulia humo, na wengi wetu hatujui hata miti yenyewe ni mingapi. Naomba mlikumbuke hilo mbele ya safari.

Basi mama aliifikisha nyumba yake Garissa kwa punda wa kukodi, akaisimamisha nyuma ya chumba changu cha mabati. Nilimsihi alale ndani na sisi. Alikataa. Alisema bati lina maneno mengi, linamkatiza dhikri.

Nikaitwa kufundisha kisiwani. Msishangae, si cha baharini. Chini ya mji, mto Tana unagawanyika mikono miwili kisha unakutana tena, na katikati kulikuwa na kisiwa, watu wanalima ndizi na mahindi. Walikuwa na msikiti lakini hawana maalim. Walinipa kiwanja na chumba cha mabati cha kuanzia.

Kufika huko ilikuwa kwa kivuko. Pantoni dogo la chuma, linavutwa kwa kamba, kwa mikono ya watu. Linabeba lori moja dogo, au watu na mbuzi wao. Vyote kwa pamoja haliwezi.

Mama hakutaka. Alisema afadhali aende kwa ndugu yangu Modogashe kuliko kuzungukwa na maji. Nilimbembeleza wiki nzima. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: nyumba yake ifike nzima. Alisema amehama mara nyingi katika maisha yake, hii ni ya mwisho, na anataka kufia ndani ya nyumba yake.

Nikamwahidi.

Nikaenda karibu na soko la mifugo nikakodi lori, pamoja na makuli wawili. Dereva alikuwa Mkamba mmoja aitwaye Mutua, mtu wa mizaha. Yeye alimwita kila mtu sheikh. Hata mbuzi wetu aliyegoma kupanda, Mutua alimwambia, "Sheikh, panda, usitucheleweshe."

Siku ya kupakia, mama hakuruhusu kuli aiguse nyumba yake. Baada ya Alfajiri aliivunja yeye na wanawake wa jirani. Kila mti aliupangusa kwa kanga. Akaifunga yote mzigo mmoja mrefu, na mikeka akaikunja kando. Kisha akaniita.

"Mizigo mingine ni ya makuli," aliniambia kwa Kisomali. "Huu ni wako. Usibanduke kwake."

Nikasema inshallah.

Lori likajaa. Nilikuwa na sanduku la vitabu, tafsiri na fiqhi, baadhi yake marehemu mwalimu wangu alivinakili kwa mkono. Lilikosa nafasi chini ya turubai. Mutua alikuwa na mbao mbili nene ambazo hutembea nazo kwa ajili ya matope. Akaniambia, "Sheikh, chagua. Mbao au vitabu. Lakini huko chini mvua imenyesha."

Nilichagua vitabu. Mbao tukaziacha kwa jirani. Mzigo wa mama ukafungwa juu kabisa.

Tulifika kivukoni karibu na Adhuhuri. Mto ulikuwa wa rangi ya udongo na ulikuwa unapanda. Mwenye kivuko, Mzee Komora, alikuwa amechomeka kijiti ukingoni. Alisema watu watavuka kwanza, kisha lori, na maji yakikipita kile kijiti atalifunga pantoni mpaka mto upungue, hata kama ni wiki.

Mama, mke wangu, watoto, mbuzi na mikeka wakavuka. Kabla ya kupanda, mama aliutazama mzigo wake juu ya lori, kisha akanitazama mimi.

Pantoni likarudi. Lori likaanza kuteremka, na hatua chache kabla ya maji likazama. Tairi za nyuma zote mbili. Makuli wakachimba kwa majembe, wakasukuma, likazidi kuzama. Vichaka vya karibu vilikuwa vimekwisha kukatwa kwa kuni na nyua. Mzee Komora alikuwa ameshika kamba yake, macho kwenye kijiti.

Mutua akapanda juu ya lori. Akaweka mkono kwenye ule mzigo.

"Sheikh, hivi vijiti ni vya nini?"

"Vya mama."

"Tuviweke chini ya tairi? Tukitoka tunaviokota."

Nilitazama kijiti cha Komora. Nikawaza vitabu vyangu kulala ukingoni wiki nzima kwenye mvua. Nikatazama ng'ambo, kisiwa kimejaa miti.

Nikasema, "Wekeni. Vingine tutakata huko."

Ndugu zangu, nimekuwa na miaka mingi ya kulitafutia udhuru neno hilo. Sijaupata. Kichwani mwangu siku ile mti ulikuwa mti tu.

Kamba zilikatwa kwa kisu. Miti ikapangwa kwenye matope. Mutua akakanyaga mafuta, injini ikanguruma. Ng'ambo nilimwona mama amesimama peke yake kwenye ukingo. Alikuwa amevua shela yake ya mabegani na anaipunga. Sauti yake haikuweza kufika, injini iliimeza. Nilidhani anatuhimiza tufanye haraka.

Nikampungia mkono.

Lori likapanda. Ile sauti ya mizizi kukatika niliisikia hata juu ya injini. Makuli wakashangilia. Tukaokota vipande, tukavitupa nyuma, tukavuka.

Mama alikuja moja kwa moja nyuma ya lori. Hakupiga kelele. Alivuta kipande kimoja kimoja, akafuta tope kwa kidole, akagusa pale kilipokatikia. Vizima vilikuwa sita. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha sokoni ili wote tuelewe:

"Nani alisema?"

Mutua alinitazama. Kisha akavua kofia.

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Sikujua."

Nami nikanyamaza. Kila asubuhi nawafundisha watoto wa watu waseme kweli hata juu ya nafsi zao, na siku ile nikamwacha dereva asiye wa dini yangu abebe kosa langu, mbele ya mama yangu.

Mama akamwambia, "Wewe hapana kosa. Wewe ni dereva, nyumba hii wewe hajui." Kisha akanionyesha kwa kidole. "Huyu amezaliwa ndani yake."

Akaenda zake kuangalia mbuzi.

Maji yalikipita kijiti jioni hiyo. Pantoni likafungwa, na Mutua na makuli wake wakakwama nasi siku nne. Wakati wote huo mama alimpakulia Mutua chakula kabla ya mtu mwingine yeyote, na chai akimimina anamwongezea maziwa.

Siku ya pili nilimfuata Mutua chini ya lori, alikuwa akikaza nati. Nilimwomba radhi kwa kumwachia lawama yangu. Akasema, "Sheikh, mimi hulaumiwa kila siku kazini. Ni wewe ambaye hujazoea."

Siku ya tatu nikapata nguvu ya kwenda kwa mama. Nilimwambia ni mimi niliyesema wekeni. Alikuwa na tasbihi mkononi. Alimaliza mzunguko wake kwanza.

"Nilikuona," alisema. "Hata mkono ulionipungia, niliuona."

Hakulizungumza tena mpaka anaondoka duniani. Alilala kwenye chumba cha mabati pamoja na wajukuu, na mikeka ya nyumba yake ikatandikwa sakafuni. Mvua ikinyesha juu ya bati nilikuwa nasikia akiinua sauti ya dhikri ili ajisikie mwenyewe.

Lakini hakukaa bure. Baada ya wiki chache alianza upya. Mgunga mzuri ulikuwa ng'ambo, kwa hiyo kila pantoni lilipovuka alimwagiza Mzee Komora mizizi. Akamenya, akailoweka pembeni ya mto chini ya mawe, akaipinda. Mikono yake ilikuwa imechoka na kifua kinambana. Siku moja akaniita, akanipa ncha ya kamba nishike wakati yeye anakaza.

Nilisema, "Hooyo, hii si kazi ya wanaume."

"Kuivunja ilikuwa kazi ya wanaume?" alijibu. Halafu akacheka, wallahi akacheka, nami nikashika kamba huku machozi yananitoka.

Nyumba ndogo kabisa inataka miti ishirini na zaidi. Pamoja na ile sita iliyopona, alifika kumi na tano. Wa kumi na sita ulikuwa bado kwenye kamba, umeegemezwa ukutani, Allah alipomchukua. Ilikuwa kabla ya mwaka kwisha, mchana, kwenye chumba cha mabati. Alikuwa ametamka shahada, Alhamdulillahi, na mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Nashukuru kwa hayo. Lakini macho yake yalikuwa kwenye bati.

Tulimzika palepale kisiwani. Watu wa Garissa na ndugu yangu kutoka Modogashe walivuka kwa pantoni, zamu baada ya zamu, na Mzee Komora alilivuta mpaka jioni bila kukaa.

Siku za tanzia zilipokwisha, nilikwenda kwenye ule mzizi. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Nilijua kwamba ukifunguliwa kabla ya wakati unarudi kunyooka, na nilikuwa nimejiandaa kuuona ukinyooka.

Nikafungua fundo la kwanza. La pili. Kamba ikaanguka.

Haukunyooka. Ulibaki vilevile alivyoupinda.

Miti ile yote kumi na sita ninayo mpaka leo, nimeifunga mzigo mmoja. Nimehama mara mbili tangu hapo, nimekodi malori makubwa na vijana wenye nguvu, na safari zote mbili mzigo huo nimeubeba begani mwenyewe. Vitabu hupanda na makuli.

Nililojifunza ni hili. Kabla hujaita lori, keti na mwenye nyumba, mama yako au mkeo, umuulize kitu gani kisiguswe na kwa nini. Uliza ile kwa nini, mimi sikuuliza. Na ukiharibu, sema ni mimi wakati ule ule. Mama alisamehe miti, namjua. Ule unyamavu wangu mbele ya lori sina uhakika, na ndio ninaoombea msamaha kila sijda.

Nasoma maoni yenu yote, hata ya kunilaumu, kwa kuwa nastahili. Ila mwenye mama aliye hai aanze kumpigia simu, amuulize kuhusu kitu kimoja tu ndani ya nyumba yake. Kisha arudi hapa atusimulie alichoambiwa.