Karatasi Nyuma ya Wembe

Siku ya kwanza Ngeleka kufanya biashara na Polycarpe Kyungu, alishindwa kumfanya apunguze bei hata franka moja, jambo lisilomtokea mara nyingi. Ulikuwa mwaka 1956, Kolwezi. Ngeleka alikuwa amejipatia jina kwa kuwatafutia wazungu wa mgodi vitu ambavyo duka lao halikuwa navyo. Kyungu alikuwa seremala wa kampuni, kutwa akipigilia misumari masanduku ya vipuri. Jioni, mlangoni kwake, alikata vijiti vya balsa, mbao nyepesi kama mkate mkavu, iliyofika kwa treni kupitia Dilolo. Wazungu walivitumia kuunda ndege ndogo za kurusha Jumapili. Walitaka unene wa milimita tatu, si tatu na kidogo.

"Ukitafuta bei ya soko, Tata Ngeleka, enda ku soko," Kyungu alisema bila kuinua macho. "Kule banauzisha kuni."

"Ninyi batu ba Manono! Mutu anakata bijiti bya kuchezea, anajiona ingénieur!"

"Na weye wa Kasai unajua kila kitu. Mbona haukukata yako?"

Ngeleka akacheka, akalipa.

Chombo chenyewe kilikuwa kipande cha mbao ngumu kinachoenea kiganjani, nusu wembe uliobanwa kwa skrubu mbili, na ukingo wa shaba unaosogea. Kyungu aliingiza kipande cha bati kati ya wembe na ukingo kupima mwanya, akakaza, akalegeza, akakaza tena robo mzunguko. Kisha alikata kijiti cha majaribio na kukitupa. Siku nyingine alitupa vitano. Ngeleka, asiyependa kutupa kitu, aliumia kuviona vikianguka.

Mwaka uliofuata Bwana Delvigne, mkubwa wa karakana ya kuchonga vielelezo vya mbao vya kuundia kalibu za chuma, alitafuta seremala mweusi wa kuajiri. Aliagiza vijiti mia moja. "Vikiwa sawa vyote, huyo Kyungu wako anaanza kwangu Jumatatu." Nafasi hiyo Kyungu aliingojea miaka tisa. Ngeleka ndiye aliyeileta, na hakuileta bure: Delvigne alikwisha kumwahidi kwamba yeye ndiye atakayeiuzia mbao zote klabu ya wazungu wa ndege ndogo.

Vijiti havijaanza kukatwa, ikaja telegramu kutoka Tenke. Kaka mkubwa wa Kyungu amefariki. Kwao, mtu aliyezika ndugu hashiki kitu chenye makali mpaka matanga yaishe. Kyungu alikipanga chombo harakaharaka, mfuko wa safari ukiwa begani, akamkabidhi Ngeleka.

"Mi nimekwisha kuitengeneza. Weye vuta tu. Usiguse skrubu."

"Mi ni mutoto?"

Ngeleka angeweza kumwomba Delvigne wiki moja. Hakuomba, neno "ngoja" lilimtisha kuliko wezi. Alipokishika chombo akaona wembe umekaa upande kidogo, na nyuma yake kipande cha karatasi ya sigara kimechomekwa. Fundi gani huyu, akawaza, anaacha takataka. Bidhaa iliyopinda hainunuliwi. Akalegeza skrubu, akaitoa karatasi, akaunyoosha wembe kwa rula, akakaza. Akakata mia moja bila kutupa hata kimoja.

Delvigne alivipima. Nchani tatu, katikati tatu na nusu. Wembe ulionyooka ulikuwa umefuata nyuzi za mbao. Ule mpindo mdogo wa karatasi ndio ulioibana mbao dhidi ya ukingo.

"Hii ni kazi ya Kyungu?"

Ngeleka aliiona klabu nzima ikimponyoka. "Ndiyo, Bwana."

Delvigne akaandika jina la mtu mwingine.

Kyungu aliporudi, kichwa kimenyolewa, alisikiliza habari amesimama. Akakiangalia chombo, hakukigusa.

"Uligusa skrubu?"

"Hapana, Tata."

Kyungu akainama, akatazama nyuma ya wembe.

"Karatasi haiko," alisema. "Njo mi nilikosea. Nilisahau kuitia. Kichwa yangu ilikuwa kwa maiti."

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi kabisa. Neno moja lingetosha, na Ngeleka, aliyekuwa na maneno ya kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe, akachagua jingine.

"Inawezekana, Tata," akasema. "Ilikuwa siku mubaya."

"Beba iyi kitu. Mi sina tena macho ya iyi kazi."

Nyumbani Ngeleka alirarua karatasi ya sigara, akaichomeka nyuma ya wembe, akavuta. Milimita tatu, mwanzo hadi mwisho. Alikitupa kijiti kile, cha kwanza kukitupa maishani mwake.

Aliiuzia klabu mbao mpaka wazungu walipoondoka, akapata baiskeli na mabati ya nyumba. Kyungu aliendelea na masanduku. Walipokutana njiani, Kyungu alivua kofia.

"Aksanti, Tata Ngeleka. Weye ulinitafutia mulango. Mi njo nilikosea."

Ngeleka alizoea kupita barabara ya nyuma.