Password Yetu Ilikuwa Jina la Mama Mkwe

Admin, nifiche tafadhali. Majina nimebadilisha, maana kwa kina mume wangu kuna watu wanaoshinda kwenye ukurasa huu kuliko jikoni kwao. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, tunaishi Kimbo, Ruiru, na tuna watoto wawili wa kike. Mwaka jana nilifungua duka la kushona mapazia Thika. Duka lenyewe ni dogo, ukiingia na mkoba mkubwa mmoja wetu anatoka, kwa hivyo wateja wangu karibu wote nawapata kwa ukurasa wangu wa mtandaoni.

Mume wangu alisoma kompyuta miezi mitatu baada ya sekondari na hajawahi kutuacha tusahau. Siku ya kufungua ukurasa alininyang'anya simu akasema mambo ya usalama ni yake. Akachagua password: Wanjiku, pamoja na mwaka aliozaliwa. Wanjiku ni kifungua mimba wetu, na kama desturi yetu ilivyo amepewa jina la mama yake mume wangu. Nikamwambia hiyo hata muuza mboga ataijua, maana mtaa mzima naitwa Mama Wanjiku, na picha ya birthday ya mtoto iko pale pale kwenye ukurasa, keki na umri juu. Akaniangalia kama nimemtukana mzazi.

"Kwani jina ya mathe iko na shida gani?"

Halafu akaamuru zile namba za kumthibitisha anayeingia zitumwe kwa simu yake, kwa sababu yeye ndiye kichwa cha nyumba. Kichwa kweli, cha kufugia nywele.

Jumamosi moja asubuhi tukinywa chai, simu yake ikalia. Mtu akasema anatoka kwa kampuni ya mtandao, kwamba ukurasa wetu umeripotiwa na utafungwa siku hiyo, lakini anaweza kutuokoa tukimsomea namba atakazotuma. Nikapunga mikono, nikatikisa kichwa, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akaniinulia kiganja ninyamaze. Yule tapeli alikuwa ameshamwita "Director" mara mbili, na mume wangu hajawahi kuitwa Director na mtu yeyote. Akaketi wima, akasafisha koo, akasoma namba zote sita polepole kwa Kizungu safi. Akamshukuru mwizi. Aki akamwambia "God bless."

Password bila shaka alishaikisia kwa ile keki, na kabla chai haijapoa tulikuwa tumefungiwa nje. Mwizi alibadilisha password tu, picha ni zangu na maneno ni yangu, ila sasa yeye ndiye aliyekuwa anawapa wateja wangu ofa na kupokea malipo. Jumatatu mwalimu mmoja aliyekuwa anahamia nyumba mpya Theta akaja dukani na dada yake kuchukua mapazia ambayo sijawahi kuyasikia. "Madam, kumbe wewe ni mwizi tu ka wengine," akaniambia mbele ya watu. Nililia pale kwenye cherehani. Baadaye nilimshonea bure, na bado hanisalimii vizuri.

Mnadhani mume wangu aliomba msamaha? Alienda kwa mama yake, kisha kwa kikundi chetu cha kanisa, akasema ni mimi niliyebonyeza link nikichat na wanaume. Mtu mzima, ndevu zote zile! Nilimdharau siku hiyo na sijaacha. Namfulia, namwekea chakula, na moyoni namcheka.

Sasa nimefungua ukurasa mpya. Password ni ndefu na naijua mimi peke yangu, namba zinakuja kwa simu yangu, na wateja wameanza kurudi, hata wanafunzi wa Juja wananiagiza ya vyumba vyao. Yeye anaitaka hiyo password. Anasema mke anayemficha mumewe ana mpango wa kando, na Jumapili hii baada ya kanisa mama yake anakuja kutukalisha chini. Ameshanipigia: "Mama Wanjiku, si umpe tu, nyumba ikae na amani." Nikimpa, kazi yangu imeenda tena. Nikimnyima, watu wataamini yale ya wanaume, na wengine walishaamini.

Jana akaja amenyenyekea, akakaa karibu nami, na kwa ujinga wangu nikafikiri hatimaye ameelewa.

"Mama Wanjiku, nimeona penye tulikosea," akasema. "Ulikuwa unaskia vibaya juu tuliweka jina ya mathe wangu. Hii mpya tuweke Njeri."

Njeri ni binti yetu wa pili. Amepewa jina la mama yangu.

Jamani, nishaurini. Jumapili nimwambie nini huyu Director?