Biashara Aliyoniombea Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Mbeya mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika kweli. Alitoka kijijini kwake, nje kidogo ya Iringa mjini, kwa sababu kifua kilikuwa kinambana tangu mvua zilipokatika na dawa za zahanati hazikumsaidia. Mume wangu alimpokea Uyole, karibu na karakana anakochomelea mageti, akamleta nyumbani Ilomba akiwa amemshika mkono. Mama alikuwa na kikapu cha maharage mapya, kanga mbili na sweta jepesi lililotoboka viwiko. Koti lake zito, tulikuja kujua baadaye, alikuwa amemwachia jirani aliyejifungua.

"Kamwene, mama," nilimsalimia kwa Kihehe, kama alivyopenda.

"Kamwene, mwanangu," akaitika, halafu akakohoa mpaka nikamsogezea kiti.

Nilikuwa nafundisha watoto wadogo katika shule moja ya binafsi, na mshahara ulikuja pale mwenye shule alipoupata. Kazi ya mume wangu nayo ilikuwa ya msimu. Mwezi mmoja watu wanajenga, mageti yanatoka mfululizo, mwezi mwingine anashinda karakanani akipiga soga na mafundi wenzake. Hatukulala njaa. Lakini mafuta ya kupikia tulinunua ya kupima, nyama ilikuwa ya Jumapili, na binti yetu mkubwa alikuwa anakwenda shule na sweta lililokuwa limemfupikia, mikono imekomea karibu na viwiko.

Katika maisha hayo hayo mimi nilikuwa nanunua nguo.

Ilianza kwa mwalimu mwenzangu kuniingiza kwenye grupu la dada mmoja wa Dar es Salaam anayeuza magauni kwa simu. Picha zilikuwa zinaingia saa nne, wakati watoto wanakunywa uji. Nilikuwa nakaa kwenye benchi nje ya darasa, natazama. Dada yule aliandika, "Imebaki pisi moja, nani anaiwahi?" na mimi, ambaye sikuwahi kuwahi kitu chochote maishani, nilijikuta moyo unanienda mbio. Natuma hela palepale kwa simu, kabla hata sijasimama. Hela yenyewe ilikuwa ya maharage, au ya dagaa, au ile niliyoambiwa niiweke kwa ajili ya sweta la mtoto.

Baada ya siku mbili mtu wa mizigo alikuwa ananipigia: "Mama, mzigo wako umefika." Nadhani simu hiyo ndiyo niliyokuwa nainunua. Kuna mtu mahali fulani amefunga kitu kwa karatasi, ameandika jina langu, na gari limepita milima yote kuniletea. Nikishafika nyumbani na kulijaribu gauni mbele ya kioo, furaha ilikuwa inaisha kabla sijalivua. Nalikunja, nalitia kabatini. Mume wangu akiona moja mwilini mwangu namwambia ni mtumba wa Uyole. Hakuwahi kuuliza zaidi, na hilo nililichukulia kama ruhusa.

Asubuhi ya siku ya pili mama mkwe alitakiwa kwenda hospitali. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, na manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mama alikaa kwenye kitanda cha watoto akitetemeka ndani ya sweta lake lililotoboka. Mume wangu alikuwa ametangulia kuwahi foleni, na jaketi lake la pekee alikuwa amelivaa. Sweta langu lilikuwa bado bichi kwenye kamba.

"Subiri mama, nikutafutie kitu kizito," nikasema, nikafungua kabati.

Nilitoa gauni la kwanza. Shifoni, halina mikono. La pili lilikuwa la lesi, mgongo wazi. Nikatoa jingine, na jingine. Yote yalikuwa nguo za watu wa pwani, nyepesi kama pazia, mengine bado yana vikaratasi vya dukani. Nilizidi kuvuta huku nikijua hakuna ninachotafuta humo, mpaka kitanda kikajaa rangi. Kabati lilikuwa limeshonana nguo na sikuwa na hata moja ya kumfunika mama mgonjwa.

Yeye alikuwa ananitazama. Akashika pindo la gauni la kijani, akalisugua kwa vidole.

"Mwanangu," akasema, "kumbe unauza nguo?"

Aliuliza kwa moyo mweupe. Kwake mtu mwenye nguo nyingi mpya namna ile, zenye vikaratasi, hawezi kuwa kitu kingine ila mfanyabiashara. Na mimi nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Uso wake ukabadilika. Nilitegemea angefurahi, lakini alionekana kama mtu aliyegundua amekosea. "Unafundisha, unalea, bado unahangaika na biashara. Na mimi nimekuja kukuongezea mzigo."

Nilimfunga blanketi la kitandani mabegani, nikalikaza kifuani kwa pini, na tukaenda hospitali hivyo, yeye na blanketi lake la maua katikati ya watu waliovaa makoti.

Kwenye foleni aliwaambia akina mama waliokuwa karibu, "Huyu ni mkwe wangu. Mwalimu, na nguo anauza." Mmoja akaniuliza gauni ni bei gani. Nikataja bei ya kubahatisha, macho yangu yakiwa chini kwenye sakafu. Mume wangu alisikia. Alikuwa amesimama hatua chache mbele yetu, akageuka, akanitazama, kisha akaangalia tena mbele.

Jioni, kabla ya kula, mama aliomba kama Walutheri wa kwao wanavyoomba, taratibu, akitaja kila kitu. Alishukuru kwa daktari, kwa dawa, kwa wajukuu. Halafu akasema, "Ee Bwana, ibariki na biashara ya mwanangu huyu, mikono yake isichoke." Watoto wakaitikia amina. Mume wangu hakuitikia.

Kesho yake, mama alipolala mchana kwa nguvu za dawa, mume wangu alirudi kutoka karakanani kabla ya muda wake. Tulikaa uani, karibu na kamba ya nguo.

"Mama anasema una biashara," akaanza.

"Sina."

"Nguo ni za nani?"

"Zangu."

"Zote?"

"Zote."

Alikuwa na tabia ya kubandua masizi ya chuma kwenye kucha akiwa anafikiri, na alifanya hivyo muda mrefu. "Krismasi uliponiambia nauli ya kwenda kumwona mama hakuna," akasema mwishowe, "nguo hizi zilikuwepo?"

"Nyingi zilikuwepo."

"Mimi nilimpigia nikamwambia mambo magumu, atuvumilie. Akasema tusijali." Sauti yake haikupanda. Ningefurahi kama ingepanda. "Nakunyima nini? Niambie tu nijue."

Nilijaribu kumweleza habari ya ile simu ya mzigo, na jinsi siku nzima inavyokuwa na maana ukijua kuna kitu kiko njiani kinakuja kwako. Maneno yalipotoka nje yalikuwa ya kitoto. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sielewi. Lakini nimesikia." Akanyanyuka akarudi kazini.

Usiku ule hatukuzungumza, na siku zilizofuata tulizungumza mambo ya mgonjwa tu. Grupu nilijitoa siku ileile ya uani. Ilikuwa kazi ya kugusa mara mbili kwa kidole, na baada ya hapo nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyetoka msibani. Lakini nguo zilikuwa bado kabatini, na mama kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Wateja wanakuja?"

Mwalimu mwenzangu, yule yule aliyeniingiza kwenye grupu, ndiye aliyenipa wazo. Dada yake anauza ndala sokoni Chimala. "Kule ni joto," akaniambia, "na sasa hivi wanavuna mpunga, watu wana hela. Magauni yako hapa Mbeya hayana wa kuyavaa."

Jumamosi nilifunga nguo kwenye mfuko wa sandarusi nikapanda gari la kuteremka bonde. Baridi ilibaki juu. Nilipofika Chimala nilikuwa nimeshavua sweta na jasho linanitoka. Muuza ndala alinipa kona ya turubai lake, nikatandaza magauni pembeni ya viatu. Nilikuwa sijui kuita wateja. Nilisimama tu, mwalimu mzima, mikono imeshika mbele, mpaka muuza ndala akanionea huruma akaanza kuita kwa niaba yangu.

Gauni la kijani lilichukuliwa na msichana mmoja mwenye makapi ya mpunga kwenye nywele. Alilivaa juu ya nguo zake, akazunguka, akamuuliza mwenzake kama limempendeza. Alitaja bei ambayo haikufika hata nusu ya niliyolinunulia. Nikakubali. Alikwenda nalo hivyo hivyo mwilini, na niligundua kwamba mimi sikuwahi kulivaa nje ya chumba changu. Nililia kidogo nyuma ya turubai, si kwa ajili ya gauni.

Hayakuisha yote siku ile. Nilirudi Jumamosi nyingine mbili. Hela haikufanana na iliyopotea, lakini ilikuwa hela. Uyole, kwenye mitumba, nilichagua koti la sufu lenye shingo ndefu kwa ajili ya mama, na sweta la shule kwa binti yangu. Mama alilivaa koti palepale mlangoni, akapapasa vifungo.

"Limetoka kwenye biashara?" akauliza.

"Ndiyo, mama," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli, ingawa ukweli wenyewe ulikuwa mfupi.

Alirudi Iringa mwezi wa nane, kifua kikiwa kimetulia kidogo. Nisidanganye kwamba nilipona haraka. Mara mbili nilirudi kwenye picha za yule dada kupitia simu ya mwalimu mwenzangu, na mara moja nilituma hela. Gauni lilipofika nililipeleka kwa mume wangu likiwa bado limefungwa. Hakulifungua. Aliniambia nifanye ninavyoona. Nikalirudisha kwa nauli yangu, na dada yule akanirudishia sehemu tu ya hela niliyotuma. Tangu hapo, mshahara ukiingia namkabidhi mume wangu hesabu yote mkononi, tunagawa mezani. Imani yake ilirudi polepole kuliko hela.

Krismasi tulikwenda Iringa wote wanne. Siku moja mchana mume wangu alikuwa amekwenda kuangalia shamba na watoto wako kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi na mama tulikuwa jikoni tunapukuchua mahindi. Nikamwambia. Nilianza na asubuhi ile ya ukungu, nikarudi nyuma, nikamaliza na Chimala.

Mikono yake haikusimama. Punje ziliendelea kudondoka kwenye ungo.

"Mwanangu anajua?" akauliza.

"Anajua, mama."

"Alikupiga?"

"Hapana."

"Alinyamaza."

"Alinyamaza."

Akatikisa kichwa. "Baba yake naye alikuwa hivyo. Bora angepiga kelele, ungejua imekwisha." Akakohoa, akapangusa mdomo kwa upindo wa kanga. "Na uliponijibu ndiyo, uliogopa nini?"

"Niliona aibu."

"Mimi pia niliona aibu siku ile," akasema. "Nilikuwa nimelitoa koti langu nikasahau kwamba Mbeya kuna baridi. Nikawa nasema moyoni, mkwe wangu ataniona mama asiye na nguo."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Tuliendelea kupukuchua, kila mmoja na gunzi lake. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa bondeni, na nilitaka kusema samahani lakini yeye alikuwa ameshanyanyuka kwenda kuanua kuni.

"Njoo, na haya magunia ya mahindi," akaniita kutoka nje. "Tuyaingize kabla hayajalowa."