Mbebaji Asiye na wa Kumbeba

Nina shahada ya fasihi, kwa hiyo ilipaswa nilione kosa langu mapema.

Kwa miaka miwili mimi na mwalimu mwenzangu tulichora kitabu cha katuni na kukitoa fotokopi kwenye duka la steshenari hapa Tunduma. Mashujaa walikuwa watatu. Wawili wa mwenzangu: Mwonaji, anayeona hata nyuma ya milima, na Mpasuaji, anayebomoa kuta kwa kichwa. Wa kwangu alikuwa Mbebaji, anayemweka mtu mgongoni na kukimbia kuushinda upepo. Watoto walimpenda Mbebaji. Sifa zikanilewesha, nikamwambia mwenzangu kwamba shujaa wangu anahamia kwenye kitabu chake mwenyewe.

"Haya, mwalimu," akasema. "Utatusimulia."

Ukurasa wa kwanza Mbebaji anakimbia. Wa pili anakimbia. Wa tatu ndipo nikagundua kwamba mgongoni hana mtu, na wala hakuna aliyemwambia anakwenda wapi. Nikambebesha gunia la mahindi, nikamvusha nalo mpaka kuingia Zambia.

Dada wa steshenari alisoma yote, kwa heshima.

"Mwalimu, huyu si kuli?"

"Ni shujaa."

"Makuli mbona tunao wengi tu hapa? Yule anayeona yuko wapi?"

Wiki nzima nilikuwa na aibu. Nilimhitaji mwenzangu, na kusema hivyo kulinishinda. Jumamosi nikajikaza nikaenda kwake Igamba, nikamkuta shambani kando ya nyumba anachuma kahawa. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, yenye utangulizi na hitimisho. Sijafika hata kwenye utangulizi, akaingia ndani akatoka na daftari.

Kumbe naye alijaribu. Mwonaji wake amekaa juu ya kilima kule Ileje, anawaona wezi Tunduma. Ukurasa wa nane bado anawaona. Wa kumi na mbili wezi wamemaliza kazi, wanakula chipsi, naye anawaona.

"Hapo nimekwama," akasema. "Atafikaje?"

"Kwa miguu?"

"Kutoka Ileje? Atafika wezi wana wajukuu!" Akanipa penseli. "Dada wa steshenari kaniambia una kuli hana kazi. Mlete."

Nikakaa juu ya gunia la kahawa, nikafungua ukurasa wa kumi na tatu, nikaanza kuchora mgongo.