Farasi wa Mwisho wa Mohdhar

Mume wangu Mohdhar ana miaka sitini na tisa, na mwaka huu alitudanganya kwa neno moja tu. Neno hilo lilitukondesha miezi saba, mimi na binti yetu.

Alianguka mwezi wa Machi. Farasi wake wakati huo alikuwa Duke, farasi mstaafu wa mashindano, mrefu hata mimi ningeweza kupita chini ya kidevu chake bila kuinama. Asubuhi hiyo hakumtandika, alimpanda hivi hivi ampeleke kunywa maji, na baada ya dakika kumi nikapigiwa simu kwamba Baba Nusra amevunjika mtulinga, yuko hospitali.

Nusra ndiye binti yetu wa pekee. Ni muuguzi, na akimtazama mtu huanza kumhesabia pumzi kabla ya kumwamkia. Alifika na sare yake ya kazi, akasimama miguuni pa kitanda, akamuuliza baba yake ilikuwaje.

"Sikumbuki," Mohdhar akasema.

"Dad, did you black out?"

"Nimeshasema sikumbuki."

Kwa mtu wa kawaida jibu hilo si chochote. Kwa muuguzi, mzee aliyeanguka na hakumbuki alivyoanguka ni habari nzito. Ulizimia? Moyo ulisita? Kuna kitu kichwani? Wakampima moyo, wakampima damu, wakamwingiza kwenye ile mashine inayopiga kelele kama karakana. Hawakuona kitu. Nusra akasema kutokuona kitu si sawa na kutokuwepo kitu, akachukua funguo za gari la baba yake akazitia mkobani. Duke akapewa msichana mmoja wa Windsor, hapa hapa Sydney. Farasi, akasema Nusra, basi.

Lazima nieleze huyu mwanamume ni nani, la sivyo mtaona jambo dogo. Mohdhar amezaliwa Lamu, na tangu ana miaka saba alikuwa juu ya punda, akibeba mchanga na mawe ya kujengea kutoka gatini mpaka ndani ya mitaa. Tulipokuja Sydney alifanya kazi kiwandani Fairfield, kazi ya kusimama kutwa, akawa anarudi nyumbani akigombana na kila kitu. Halafu mtu akamwambia kuna mabanda ya farasi upande wa Penrith, wanataka mtu wa kuzoa samadi. Akaenda kuzoa samadi. Baada ya miaka miwili alikuwa saisi kamili, anawasugua, anawalisha, anawapanda, na mwishowe akawafundisha watoto wa watu jinsi ya kukaa. Miaka ishirini na sita. Alipostaafu walimpa Duke, wakijua wanachompa.

Sasa mtoe mtu huyo farasi, umweke huku kwetu Rooty Hill, kwenye nyumba yenye mke. Wiki ya kwanza alipanga upya sufuria zangu. Wiki ya pili aliniambia ninakata vitunguu vibaya. Kufika Julai alikuwa hapangi kitu wala hasemi kitu, anakaa uani na kikombe cha chai mpaka chai inaota ngozi. Hapo ndipo nilipoogopa. Kelele zake nazijua, kimya chake sikijui.

Mimi ndiye niliyemwendea Nusra. Nikamwambia, mwanangu, tumtafutie mmoja, wa mwisho, mfupi, mpole, tumbo kama pipa. Nusra akakataa, akalia, akakubali kwa sharti: kila farasi atakayejaribiwa, yeye awepo, na akimwona baba yake anapepesuka hata mara moja, maneno yameisha na asije mtu kumbembeleza.

Farasi wa kwanza Mohdhar hakumpanda kabisa. Alimzunguka, akasema kwato mbaya. Wa pili alimpanda dakika tatu, akashuka akasema mdomo mgumu. Nusra akanitazama. Nami nilikuwa nimeona: hata baada ya miguu kugusa chini, mume wangu alikuwa bado ameshikilia shingo ya farasi kwa mikono miwili. Wallahi, mimi pia nikaanza kuamini kuna kitu kichwani mwake.

Wa tatu tulimkuta mwezi wa Oktoba, mbele ya Penrith, kwa mama mmoja aitwaye Ronnie. Ronnie ana umri kama wetu na magoti yake yamekwisha, hawezi tena kupanda. Alikuwa na poni jike wa asili ya milima ya Uskoti, anaitwa Mabel. Jamani, huyo alikuwa mnyama! Mfupi, mpana, rangi ya mchanga uliolowa, manyoya yamemfunika macho, na miguu kama michi ya kinu. Ronnie akasema mbegu hii ilizoeshwa kubeba mizigo mlimani, haina haraka, na Mabel bado ana miaka mingi mbele. Ronnie hawezi tena kubeba tandiko zito, kwa hiyo alimwekea Mabel kitambaa kinene tu chenye mkanda.

Mohdhar alikitazama kitambaa kile muda mrefu. Kisha akapanda juu ya kigogo, akampanda Mabel.

Wakazunguka mara moja. Wakazunguka mara ya pili. Nusra alikuwa amekunja mikono, haondoi jicho. Mara upepo ukainua turubai lililofunika nyasi kavu, likapiga kishindo ukutani, Mabel akaruka pembeni hatua moja. Na mume wangu, kufumba na kufumbua, akateleza nyuma, akavuka kile kitambaa, akakaa matakoni kabisa mwa yule farasi. Magoti juu, miguu inapigapiga mbavu, mkono mmoja umeshika shina la mkia. Na ulimi unaalika, kwa! kwa! kwa!

Mimi ni mtu wa Lamu. Mkao ule naujua kama ninavyoujua mlango wetu. Punda hupandwa huko nyuma, ndiko kwenye nguvu zake, na mtoto wa mizigo akishtuka hukimbilia huko huko. Lakini farasi si punda. Mkalie farasi wa mashindano kiunoni uone atakapokutupa.

"Baba Nusra!" nikapiga ukelele. "Umekaa kipunda!"

Nilifumba macho. Nilipofumbua, Mabel alikuwa amesimama pale pale. Aligeuza shingo, akamtazama mzigo wake umehamia wapi, akapiga chafya, akainamia majani. Ronnie alikuwa akicheka mpaka ameshika ukuta.

Mohdhar hakucheka. Alibaki huko nyuma, uso umemwiva.

"Hivi ndivyo nilivyoanguka," akasema.

"What?" Nusra akauliza.

"Lilipita lori la taka, Duke akashtuka, nami sina tandiko la kunizuia, nikarudi nyuma kama hivi. Akanirusha. Nilijua kosa langu kabla sijafika chini."

"So you remember."

"Nakumbuka yote. Hata dereva nikimwona leo nitamjua, alikuwa anakula ndizi."

"Miezi saba!" nikasema. "Miezi saba, Mohdhar!"

"Ningesema nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Saisi mzima, nimewafundisha watu kukaa miaka yote hiyo, halafu niseme nimeangushwa kwa kukaa kama mtoto wa gatini? Na wale farasi wawili wa kwanza niliwaogopa, kwa sababu nilijua nitarudia."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimtaja mpaka babu yake. Na huku natukana, nilisikia kifua changu kinafunguka, hewa inaingia mpaka chini, nikajikuta nacheka kama mwehu. Haumwi. Mwanamume haumwi, ana haya tu!

Nusra alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Mohdhar akateremka upesi akamwendea, akachuchumaa mbele yake hapo kwenye matope, asijue mikono aiweke wapi.

"Nilikuwa nimeshakuzika, Baba," Nusra akasema, kwa Kiswahili.

Mohdhar akamshika kichwa, akakilaza begani kwake, upande ule uliovunjika. Mabel akawafuata, akasimama juu yao akitafuna.

Ronnie hakuwa ameelewa hata nusu. Alinisogelea, akaninong'oneza kuuliza kama kuna mtu amefariki. Nikamwambia hapana, hakuna aliyefariki, na huyo farasi tunamchukua.