Nilivyoipamba nyumba ya kupanga Kisangani, mwenye nyumba akaitaka kwa ajili ya mwanawe

Wakuu, hamjambo wote humu.

Juzi nilisoma uzi wa kijana mmoja akilalamika kwamba nyumba ya kupanga haiwezi kuwa kwako hata ufanyeje. Nikacheka peke yangu hapa Kigoma. Nikasema ngoja na mimi bibi yenu niandike. Naandika kwa kidole kimoja kwa hiyo mnivumilie, ila nitakayosema yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Kwenye makaratasi mji uliitwa Stanleyville, lakini sisi tulisema Kisangani tu.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, nimetoka kwetu Kasongo, Maniema. Mume wangu Ramazani alikuwa fundi wa mashine kwenye masua, yaani zile meli za mtoni zinazoshuka mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo. Akiondoka, ameondoka. Unaweza kukaa wiki na wiki humsikii.

Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Mangobo kwa Papa Lotika, baba mmoja mjane, mtu wa jamii ya wavuvi wa kwenye maporomoko. Nyumba ilikuwa ndefu: sisi mbele, yeye katikati, na nyuma vyumba viwili alivyojaza nyavu na mbao kuukuu.

Siku anatupa ufunguo alisema neno moja tu. "Misumari hapana. Ukuta yangu haitaki misumari."

Sawa.

Wakuu, vile vyumba! Mwenzetu alikuwa akikausha humo samaki juu ya moto. Kuta nyeusi kwa moshi, harufu imeingia mpaka kwenye udongo. Dirisha moja, dogo. Ramazani alitua kitanda na masanduku yetu, akanitazama kwa aibu, na kesho yake masua ikamchukua.

Nililia asubuhi moja. Kisha nikachoka kulia, nikashika ufagio.

Nilisugua kuta kwa majivu na maji mpaka mikono ikachubuka. Harufu ikapungua. Lakini weusi haukutoka, na hapo ndipo nikamkumbuka mama yangu. Kwetu nyumba haioshwi tu, inapakwa. Mama alikuwa anachanganya udongo mweupe na mwekundu, anachora ukuta mzima kwa vidole, na watu wanasimama barabarani kutazama. Mimi ndiye niliyekuwa namponda-pondea udongo.

Nikauliza sokoni udongo mweupe unapatikana wapi. Wakanijibu: ng'ambo, Lubunga.

Nikavuka kwa pirogi, yaani mtumbwi. Msione ni jambo dogo. Mimi si mtu wa maji, na mto ule ni mpana mpaka unajiuliza ng'ambo ipo kweli au unadanganywa. Wanawake wa kule walinionyesha pa kuchimba, wakanisaidia kujitwika kikapu. Nilirudi nimelowa, ila nimejaa furaha.

Nikapaka. Chini mwekundu, juu mweupe, na katikati nikachora mistari ya mama kwa mkaa uliosagwa. Mapazia nikashona kwa kikwembe, kile kitenge changu cha harusi (ndiyo, nilikikata, na sijutii). Vyombo nikavitundika kwa kamba kutoka kwenye miti ya paa, kwa kuwa misumari nilikatazwa. Mlangoni nikaotesha maua kwenye makopo ya maziwa.

Nikakaa chini kwenye mkeka, nikatazama. Nikasema kwa sauti, Zaina, umefika nyumbani.

Basi Papa Lotika akaja.

Alisimama mlangoni, akatazama kuta moja moja. Nikaanza kujitetea. "Papa, hakuna musumari hata moja. Tazama mwenyewe."

"Ninaona." Akaingia, akapitisha kiganja ukutani, taratibu. "Iko muzuri. Iko muzuri sana, mama. Bon. Mutoto yangu Yosefu anataka kuoa. Nilikuwa ninajiuliza nitamutia wapi na bibi yake. Donc, atakuja hapa. Wewe utatafuta mahali pengine."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Papa, bwana yangu iko ku masua. Nitahama namna gani peke yangu?"

"Wiki hii, mama," akasema, na hakuwa na hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa: nyumba yake, mwanawe, imekwisha.

Siku ile sikulia. Nilikasirika, na hasira ilinifaa zaidi. Nikafikiri: nani ataishi humu? Si Papa, wala si Yosefu anayeshinda kazini. Ni yule binti anayeolewa. Basi nitaongea na yule binti.

Nikamfuata Papa uani. "Papa, muleteni bibi-arusi aone nyumba. Nitamupikia."

Akafurahi sana. Alidhani nimekubali.

Binti aliitwa Beatrisi, wa familia ya wavuvi wa Lubunga, mrefu, macho makini. Nilipika lituma, ndizi zile za kuponda, na samaki wa mtoni ndani ya majani. Papa alimfikisha akatuacha, maana mkwe hakai na mke wa mwanawe kula.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi makali. Sikuyatumia hata moja.

Beatrisi alizunguka vyumba vyote viwili. Akagusa pazia. Akainama kwenye mstari mmoja wa mkaa kama mtu anayesoma. Nilipompakulia akaniuliza, "Ya, hii kazi ni ya nani?" Ya ni dada mkubwa, kwa Kilingala.

"Ya mukono yangu."

"Na wewe unaenda wapi?"

"Sijui bado. Nimeambiwa nitoke wiki hii. Bwana yangu hajarudia."

Akaweka sahani chini. "Walituambia nyumba iko wazi! Walisema hakuna mutu!"

Kumbe naye hakuambiwa, wakuu. Mimi nilikuwa nimemchukia siku nzima bila kumjua.

"Mimi siingie mu nyumba yenye mwenyewe angali ndani," akasema. "Kila asubuhi nikiamuka nitaona mukono ya mwanamuke mwingine ku ukuta. Hapana."

Ndipo nikamwambia, "Nyuma kuko vyumba viwili, vimejaa nyavu. Vikifunguliwa nitakusaidia kupaka. Lakini utachora ya kwenu, si ya kwangu."

Akacheka, akavuta sahani, akala chakula chote.

Alivyoongea na Papa Lotika sikuona, nilisikia tu sauti yake uani, ya chini na haikutetereka. Papa alikuja kwangu amekunja uso. "Mama Zaina, unapigana na mimi mu nyumba yangu mwenyewe?"

"Hapana, Papa. Ninakusaidia kupata nyumba mbili nzuri badala ya moja."

Akasimama. Akajikuna kichwa. "Alors, nyavu zangu nitaweka wapi?"

Nikajua nimeshinda.

Nyavu zilihamia chini ya kibanda uani. Tukavuka tena mto, safari hii Beatrisi mwenyewe akipiga kasia, tukarudi na vikapu viwili. Yeye alichora maji ya maporomoko na samaki, ukuta mzima, hata mimi nilimwonea wivu. Siku ya harusi wageni waliingia nyuma, kisha wakaja mbele, kisha wakarudi nyuma. Papa akawa anawatembeza kama kwamba kazi ni yake.

Nilikaa pale miaka. Beatrisi ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua mtoto wa kwanza.

Na Ramazani? Masua ilipomrudisha nilisikia mtu anasimama nje, anakohoa. Kisha: "Hodi? Samahani, wale wapangaji wa zamani walihamia wapi?"

Nikatoka. Tukatazamana. Alishusha mzigo akavua viatu kabla ya kuvuka kizingiti, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Nilichojifunza: ufunguo ni wa mwenye nyumba, lakini kukaa ni kwako, kwa hiyo kaa kikamilifu, usiishi kama abiria eti kwa sababu kesho utaondoka. Na akija mtu wa kuichukua nafasi yako, zungumza naye kwanza. Huenda naye hajaambiwa ukweli.

Haya, wapangaji wa leo, nyie mmefanya nini kwenye kuta za watu? Semeni hapa chini, nasoma zote, polepole lakini zote.