Sofa ya Mchana Mmoja

Aibu hii imenigharimu elfu ishirini, kodi ya sofa ya fundi seremala kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Tangawizi ninayouza hapa Same inatulisha na kusomesha watoto, ila kwenye sofa haijatufikisha. Na siku hiyo wazazi wa kijana anayemposa binti yangu walikuwa wanashuka kutoka Kighare kupatana mahari.

"Kumbe tangawizi inalipa hivi!" alisema baba wa kijana, akibonyeza mto.

"Ni kujipanga tu, mzee mwenzangu." Nikaongeza mbuzi wawili kwenye mahari.

Saa tisa fundi akaingia. "Shikamooni wazee. Naomba muinuke, sofa yangu imepata mteja."

Mzee akainuka taratibu. "Basi na wale mbuzi wawili waondoke nayo."

Fundi, saa tatu zangu zilikuwa zimebaki. Nirudishie elfu kumi.